Kiti cha Bunge ni cha Nani?

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo aghalabu hatuzitaji pamoja. Ya kwanza yasema, "Wengi wape, usipowapa watachukua kwa mikono yao." Ya pili yasema, "Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni." Zote mbili ni kweli. Lakini liko jambo ambalo kwalo methali hizi hukutana uso kwa uso, nalo ni kugawanya viti vya Bunge.

Nchi nyingi zinazotawaliwa kwa kura hugawanywa katika sehemu, na kila sehemu humchagua mtu wa kuisemea. Mipaka ya sehemu hizo hukaa pale ilipochorwa, bali watu hawakai. Huzaliwa, hufa, huhamia mijini kutafuta kazi. Mipaka isipopitiwa upya, kura ya mtu mmoja huwa nzito na ya mwenziwe huwa nyepesi, ingawa sheria haikubadilika hata neno moja.

Uingereza ilipata kuonja ubaya huo. Kabla ya mwaka 1832, Old Sarum, mji wa kale uliokwisha hamwa, ulikuwa na wabunge wawili, na huku Manchester, mji mkubwa wa viwanda, haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Walionufaika walijitetea kwa desturi. Lakini ukale wa desturi si ushahidi wa haki yake, na magofu hayana haja ya kusemewa.

Tuje kwetu Kenya. Katiba ya 2010 iliweka maeneo bunge 290. Ukiigawanya kwa 290 hesabu ya watu ya 2009, wastani huwa karibu watu 133,000 kwa kila eneo. Lakini Embakasi, Nairobi, ilikuwa na watu zaidi ya 900,000, na Lamu Mashariki haikufika 20,000. Yaani sauti ya mtu mmoja wa Lamu Mashariki ilikuwa sawa na sauti za watu zaidi ya arobaini wa Embakasi. Mwaka 2012 Embakasi ikagawanywa mara tano.

Huenda msomaji akasema, "Basi dawa ni rahisi, tugawanye sawasawa kila mahali." La, si rahisi hivyo. Lamu Mashariki ni visiwa na pwani ndefu. Atokaye Faza kwenda Kiunga hana budi kuvuka maji. Watu wachache hao wakitiwa ndani ya eneo kubwa, huenda shida zao zisitajwe Bungeni kamwe. Katiba ililiona jambo hili. Iliruhusu eneo kuzidi wastani au kupungua kwa asilimia 40 katika miji mikuu na mahali penye watu waliotawanyika, na asilimia 30 kwingineko. Tena iliagiza kwamba katika mapitio ya kwanza lisifutwe eneo lolote lililokuwapo. Ndiyo sababu Lamu Mashariki ilibaki, ijapokuwa haikufikia kiwango. Kinga hiyo ilikuwa ya mara moja tu.

Hapa ndipo swali la haki linapokuwa gumu. Idadi ya viti haiongezeki. Kwa hiyo anachozidishiwa mmoja, mwingine hukikosa. Tunapowahurumia wachache wa mbali, gharama ya huruma yetu hulipwa na wengine. Nao ni akina nani? Mara nyingi ni maskini waliosongamana katika vibanda vya mijini, wasio na maji wala njia. Mnyonge, basi, hakai upande mmoja. Yuko kisiwani, na yuko mjini pia.

Kwa maoni yangu, usawa wa hesabu ndio uwe msingi, na atakaye kuuacha ndiye atoe sababu hadharani. Umbali na utawanyiko wa watu ni sababu njema. Ukubwa wa jina la mbunge au la kabila si sababu. Hata sababu njema yafaa iwe na mpaka, kwa maana huruma isiyo na mpaka hugeuka upendeleo. Tena wachache wana ngao nyingine: katika Seneti, kila kaunti kati ya 47 humchagua seneta mmoja, Lamu sawa na Nairobi. Kwa kuwa huko wachache wamelindwa, katika Bunge la Taifa wengi wasikilizwe zaidi.

Na kazi hii isicheleweshwe. Katiba yataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili. Muda uliohesabiwa tangu 2012 ulikwisha Machi 2024 pasipo mapitio, kwani tangu Januari 2023 tume haikuwa na makamishna. Kuchelewa nako ni uamuzi, na waliumia wale walioongezeka.

Kiti cha Bunge si mali ya mbunge, wala si mali ya ardhi. Ni amana ya watu, nayo hufuata watu waendako. Enyi vijana, mtakaposikia wakubwa wakigombania mipaka, msiulize tu, "Sisi tumepata viti vingapi?" Ulizeni pia, "Kanuni hii ningeikubali kama ningezaliwa upande wa pili wa mpaka?"