Deni la Upepo

Tuseme mtu amefaidika na jasho la mwenzake. Hakuomba, na mwenye jasho hakuwa na nia ya kumsaidia. Angevuja jasho lile lile hata kama nyuma yake hapakuwa na mtu. Je, huyo aliyefaidika ana deni? Wanafalsafa wamelibishania swali hili wakiwa vitini. Wapo wanaolibishania wakiwa juu ya kiti chembamba zaidi, kila Jumapili kabla jua halijachomoza, na nadhani hoja zao zina uzito kuliko wanavyodhani wenyewe.

Chanzo cha ubishi wao ni hewa. Anayeendesha baiskeli ya mashindano kwenye tambarare kwa kilomita 40 kwa saa hapambani sana na lami, wala cheni iliyopakwa mafuta haimgharimu kitu kikubwa. Zaidi ya asilimia 80 ya nguvu zake humezwa na hewa. Tena hewa ni mdai mkali: ukitaka mwendo mara mbili, nguvu za kuikata lazima ziwe mara nane. Lakini anayejibanza nyuma, tairi lake la mbele likiwa shibiri moja au mbili kutoka tairi la mwenzake, huokoa karibu theluthi ya nguvu zake. Ndani ya msafara mkubwa nafuu inazidi hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliopima kundi la waendeshaji 121 kwa kompyuta na kwa handaki la upepo, ulionyesha kwamba walio ndani kabisa hukutana na asilimia 5 hadi 10 tu ya upinzani ambao mtu aliye peke yake angekutana nao kwa mwendo uleule.

Hapo ndipo ilipo raha ambayo asiyeendesha baiskeli huielewa visivyo. Hudhani tunapenda mbio. Mbio zipo, lakini utamu wenyewe ni ule wepesi usioustahili: barabara ya Thika kuelekea Kenol, lami inateleza chini yako, mlio wa cheni nyingi umekuwa mlio mmoja, na miguu yako inakwenda kwa kasi ambayo ukiwa peke yako usingeihimili hata robo saa. Unajua si yako. Kasi ile umeazimwa, na aliyekuazima yuko mbele ameinamisha kichwa.

Kwa hiyo kuna zamu. Wa mbele huvuta dakika moja au mbili, hutikisa kiwiko, husogea kando na kuteleza taratibu hadi mkiani, na aliyekuwa wa pili anajikuta uso kwa uso na upepo. Wa mbele ndiye macho ya wote pia: akipaza sauti "Shimo!" au akielekeza kidole chini, wa nyuma wanakwepa kitu ambacho hawajakiona. Anayedandia magurudumu ya wenzake asubuhi nzima bila kwenda mbele hajakosea sheria yoyote iliyoandikwa, ila mkifika kwenye chai atagundua kwamba mazungumzo yanampita pembeni. Kuna hata kosa baya zaidi, nalo ni bidii. Kijana mwenye miguu mipya anaingia mbele kwa mara ya kwanza, anaona heshima yake imefika, anakanyaga pedali kwa nguvu zote na kukata kundi vipande viwili. Ametoa zaidi ya alichodaiwa, na wote wamekasirika. Kumbe hata kulipa kuna kipimo chake, na anayelipa kwa kishindo huwa anajilipa mwenyewe sifa.

Mwaka 1955 mwanafalsafa Mwingereza H. L. A. Hart alitoa hoja kwamba watu wanapoendesha shughuli ya pamoja kwa kanuni, wakajibana ili kanuni zisimame, wana haki ya kumtaka kila anayefaidika naye ajibane vivyo hivyo. Hiyo ni katiba ya kundi la Jumapili, neno kwa neno. Mwaka 1974 Mmarekani Robert Nozick akamjibu katika kitabu chake Anarchy, State, and Utopia. Fikiria, alisema, majirani wameweka vipaza sauti mtaani, kila mmoja ana siku yake ya kupiga muziki na kusimulia vichekesho. Wewe umesikiliza dirishani na umecheka. Siku yako ikifika, ni lazima uache shughuli zako ukawatumbuize? Kwa Nozick jibu ni hapana: mtu hawezi kukutupia wema kisha akakuletea ankara.

Mpanda baiskeli ataona mara moja pengo katika mfano huo. Vipaza sauti vinakufuata hadi chumbani kwako, ilhali gurudumu la mwenzako ni lazima ulifuate wewe. Kukaa shibiri moja nyuma ya mtu kwa kilomita 40 kwa saa ni kazi ya macho, mikono na moyo. Hakuna anayejikuta pale kwa bahati. Umekitaka kile kivuli cha upepo, umekinyatia, umekishika. Nozick akiwa amekaa dirishani ana haki yake. Akiwa kwenye gurudumu langu, hapana.

Ningependa kuishia hapo na ushindi wangu, lakini mashindano yanaharibu hoja. Tendo lile lile ambalo Jumapili ni uchoyo, katika mashindano ni ustadi. Watu watano wametoroka msafara, zimebaki kilomita 30. Kila mmoja lazima avute kiasi cha kutosha wasifikiwe, na kidogo kiasi cha kubaki na miguu ya mwisho. Anayekaa nyuma na kushinda hutukanwa, kisha jina lake huandikwa kwenye orodha ya washindi kama la mwingine yeyote. Kama deni lilitokana na upepo, basi upepo ni ule ule. Kilichobadilika ni tulichoahidiana, na mara nyingi hatukuahidiana kwa maneno. Wajapani, ambao mbio zao za keirin zilizoanzia Kokura mwaka 1948 ni za kamari halali, waliona wamalize utata: waendeshaji hupangana katika mistari, wengi wakifuata mikoa wanakotoka, na umma unatangaziwa kabla ya mbio nani atatangulia na nani atamfuata. Kila mcheza kamari anajua nani atakula upepo. Ni suluhisho safi, na kidogo linanisikitisha.

Yupo aliyetaka kulifuta deni lenyewe. Henri Desgrange, Mfaransa, mwaka 1893 alizunguka kiwanja cha Buffalo jijini Paris kwa saa nzima akafikisha kilomita 35.325, rekodi ya kwanza ya saa moja kutambuliwa rasmi. Miaka 10 baadaye alianzisha Tour de France, na kwa miongo kadhaa aliiendesha kwa imani moja: mtu ashinde kwa miguu yake pekee. Kusaidiana kulimkera kama wizi. Mwaka 1913 imani hiyo ilikutana na Eugène Christophe. Akiteremka mlima Tourmalet, foku yake ilivunjika. Aliitwika baiskeli begani, akatembea kilomita nyingi hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, na kwa kuwa kanuni zilikataza msaada alifua chuma kwa mikono yake mwenyewe huku wasimamizi wakimtazama. Mikono ni miwili. Mvukuto ulivutwa na mvulana wa pale, na Christophe akaongezewa dakika za adhabu kwa pumzi hizo za moto.

Huwa namfikiria mvulana yule kuliko ninavyomfikiria Christophe. Lakini namfikiria pia mhunzi, ambaye hakuadhibiwa mtu kwa ajili yake, ingawa tanuri, nyundo na chuma vyote vilikuwa vyake. Kwa nini msaada wa mvukuto ni kosa na wa nyundo si kosa? Desgrange alilazimika kuchora mstari mahali fulani, maana bila mstari Christophe angepaswa kujichimbia chuma.

Rekodi ya saa moja, aliyoianza Desgrange, imebaki kuwa hekalu la upweke: mtu mmoja, kiwanja, gia moja, hakuna breki, hakuna wa mbele. Tazama basi wanavyofanya waliokosa wa kuwakatia upepo. Mwaka 1972 Eddy Merckx alikwenda Mexico City, mji ulio juu ya mita 2,200, hewa ni nyepesi, akapata kilomita 49.431. Julai 1993 Graeme Obree, Mskoti, akaipita alama ambayo mwendeshaji mwingine, Moser, aliiweka mwaka 1984, akiwa juu ya baiskeli aliyoiunda mwenyewe kwa kutumia hata bearingi za mashine ya kufulia. Alipata kilomita 51.596, na siku 6 baadaye Chris Boardman akamnyang'anya. Mwaka 2022 Filippo Ganna alifikisha 56.792. Hakuna hata mmoja aliyeendesha peke yake. Kila mzunguko walipimwa dhidi ya mtu ambaye hakuwepo kiwanjani, na bila yeye wasingejua wakanyage kwa kasi gani.

Kwenye kiwanja hicho hicho cha mviringo, mbio fupi za wawili zinaonyesha kinyume chake, watu walioligeuza deni kuwa hesabu tupu. Atakayetangulia mapema atamkatia mwenzake upepo na kupitwa mwishoni. Kwa hiyo kila mmoja anataka mwingine atangulie, na njia ya kumlazimisha ni kusimama: magurudumu hayasongi, miguu imekaza pedali, mwili unatetemeka kutafuta mizani. Katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, Giovanni Pettenella wa Italia na Pierre Trentin wa Ufaransa walisimama hivyo zaidi ya dakika 21. Siku hizi kanuni zinawabana. Napenda sana tamasha lile, na sijui mfano bora wa kinachotokea pale kila mtu anapokataa kuwa wa kwanza kutoa: hawa ni kati ya watu wenye kasi kubwa duniani, na hawaendi popote.

Kisha yupo René Vietto. Katika Tour de France ya mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 20 na akipanda milima vizuri kuliko wengi, alimpa kiongozi wake Antonin Magne gurudumu la mbele la baiskeli yake, akakaa kwenye ukuta wa barabarani akilia akisubiri gari. Kesho yake alisikia Magne amekwama tena, akageuza baiskeli na kurudi nyuma kumkabidhi. Magne akashinda Tour. Ufaransa ikampenda Vietto maisha yake yote, jambo ambalo ni zuri, ila upendo wa taifa haukuwa malipo ya deni lile wala Magne hakuwa na namna ya kulilipa. Lingebaki pale pale hata angempa zawadi zote za fedha.

Wahandisi wa hewa wameongeza jambo dogo linalonifurahisha. Anayefuata kwa karibu naye humsaidia wa mbele: hujaza ombwe nyuma ya mgongo wake na kumpunguzia upinzani kwa asilimia 2 au 3. Ni msaada mdogo, hata hausikiki miguuni. Lakini maana yake hata mdandiaji sugu, bila kujua na bila kutaka, analipa riba.

Kwenye barabara ya Limuru hutokea mara kwa mara mwuza maziwa mwenye baiskeli ya chuma aina ya Black Mamba, mitungi imefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Hujishika mkiani mwa kundi letu la nguo za kubana na baiskeli za kaboni, hukaa hapo tambarare yote, na mlima ukianza hutoka kando na kutupita. Mgongo wake ukiongezwa mitungi ndiyo kinga bora ya upepo niliyowahi kuipata. Asubuhi moja mkubwa wetu alimwambia, "Mzee, rudi nyuma upumzike kidogo, hii zamu ni yetu." Akajibu kwamba maziwa yanasubiriwa, akaongeza mwendo. Hakuwa mwanachama wa shughuli yetu, kwa hiyo kwa Hart hatukumdai wala hakutudai. Kwa Nozick ndiyo kabisa. Tulijipanga hata hivyo tumpite tumkatie upepo hadi kona ya anakoshushia mitungi. Waliofaulu kumpita walikuwa wawili.