Safari Ndefu na Haki ya Mwili



Mchukulie mtu aliyepanda baiskeli tangu alfajiri. Jua limekwisha pinduka, maji yamebaki mafunda mawili, na mbele yake bado kilomita 100. Ndani yake anasikia sauti: "Basi, shuka." Je, ni mwili unaodai haki yake, au ni nafsi inayotaka raha? Suali hili ni jepesi kulisoma, zito kulijibu, nasi huulizwa kila siku hata tusiopanda baiskeli.

Wako watu waliojitakia mtihani huu wenyewe. Huko Ufaransa, mwaka 1891, yalianzishwa mashindano ya baiskeli kutoka Paris hadi Brest na kurudi, kilomita 1,200. Mshindi, Charles Terront, alitumia saa 71 na dakika zake. Safari hiyo ingaliko, na muda wake mrefu kabisa ni saa 90, usingizi ukiwa humo humo. Na tangu mwaka 2003 uko msafara wa baiskeli utokao Cairo hadi Cape Town, kiasi cha kilomita 12,000 kwa miezi minne, ambao umewahi kuikata nchi yetu kwa kupitia Dodoma.

Wanaokwenda masafa hayo husimulia mambo yanayofanana. Akiba ya nguvu iliyo mwilini huisha kwa saa chache, na asiyekula njiani huzimika ghafla kama taa iliyokauka mafuta. Vidole hufa ganzi kwa kuegemea usukani. Aliyetoka jasho kutwa akanywa maji mengi mno bila ya chumvi, maji yale yale humdhuru. Na ukifika usiku wa pili bila ya kulala, macho huona watu wasiokuwapo. Lakini ya miguu ni mepesi kuliko ya moyo. Mtu hukasirika bila ya sababu, hulia, hujilaumu kwa nini alitoka kwao. Kisha hula kidogo, hulala nusu saa, akaamka mzima. Kumbe mengi tuyaitayo kukata tamaa ni njaa na uchovu tu.

Nililifikiri sana jambo hili nilipokuwa Mvumi, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dodoma mjini, katika nchi kavu ya Wagogo yenye mibuyu na upepo. Nilimkuta mzee mmoja amepumzika kivulini, baiskeli yake imeegemea mti na magunia mawili ya mkaa. Tukaamkiana. Nikamwuliza: "Mzee, kile kilima umekipanda na mzigo wote huu?" Akacheka. "Nimekisukuma, mwanangu. Goti hili ndilo mtaji wangu. Nikiliua leo, kesho watoto watakula nini?"

Jibu lake likanikumbusha wazee wetu wa pwani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mvumi hiyo hiyo. Stanley alipita na wapagazi wake mwaka 1871, akatozwa hongo. Kabla ya kufika hapo lilikuwapo pori la Marenga Mkali, mwendo wa zaidi ya maili 30 bila ya maji ya kunywa. Wapagazi walilivuka kwa terekeza: walikula na kunywa kwanza, wakaondoka mchana, wakaenda hata usiku, wakalala bila ya maji, na alfajiri wakashika tena njia. Hawakulivuka kwa ubishi. Walilivuka kwa kujua mwili unaweza nini na unahitaji nini.

Basi, ndugu yangu, nafsi ina ndimi mbili. Ulimi mmoja husema: "Shuka, umechoka," na hali safari ndiyo kwanza imeanza. Huo ni uvivu, na kila mtu anaujua. Wa pili husema: "Usishuke, watu watasemaje?" Huo ni kiburi, nacho ni hatari zaidi, kwa sababu huvaa nguo ya subira. Mzee wa Mvumi hakuwa na wa kumwonyesha ushujaa. Ndiyo maana aliweza kushuka na kusukuma bila ya haya.

Utazitambuaje sauti hizi? Upe mwili haki yake kwanza: maji, chakula, kivuli, usingizi. Ukipata nguvu, endelea. Maumivu yakizidi au kichwa kikizunguka, simama. Kusimama huko si kushindwa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari kuwa Abdullah bin Amr anafunga kila siku na kusali usiku kucha, alimkataza, akamkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake. Na msafiri ameruhusiwa kupunguza sala na kufungua saumu ya Ramadhani, akailipa baadaye. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa ruhusa, sisi ni nani tuikatae?

Tazama nyumbani mwako. Huenda yumo mama anayemuuguza mzee wake mwezi wa sita sasa, halali, na kila akiambiwa "nipokee zamu leo" husema "naweza". Watu humsifu kwa subira. Lakini je, anaweza kweli, au anaogopa kuonekana amechoka? Usingoje aanguke. Mwondolee mzigo kwa saa chache, alale, kisha arudi kazini mwake akiwa na nguvu.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira inayofika mwisho wa safari, wala asitujaalie ile inayomwua mpandaji njiani. Amin.