Kuishi kwa Kiasi, kwa Jasho la Nani?

Kukataa anasa ni jambo jema, na wengi wetu tulilisikia tangu mafundisho ya uchumba. Lakini kuna swali lisiloulizwa sana: mume akiamua kwamba nyumba yake itaishi kwa kiasi, bila hiki na bila kile, mzigo wa uamuzi huo huangukia mgongo wa nani?

Swali hili lilitujia Wasini, kile kisiwa kidogo kinachotazamana na Shimoni, kusini mwa Kwale. Tulivuka kwa boti, waume kwa wake wa jumuiya yetu ndogo ndogo, tukawa wageni wa Waislamu Wavumba, nao walitukaribisha vizuri sana. Kisiwani hakuna magari. Njia ni vichochoro vya miguu, na watoto hucheza bila kuogopa matatu. Mmoja wetu akavuta pumzi kwa raha, akasema angependa kuhamia huko. Mkewe akamtazama, akasema, "Baba watoto, na maji utateka wewe?"

Tulicheka, lakini mama huyo alikuwa ameona mbali. Wasini haina mto, na ardhi yake ni mawe ya matumbawe. Kwa vizazi vingi watu wamekinga mvua katika majabia, na maji yakipungua wakayavusha kwa vyombo kutoka bara. Kuteka maji, kama kwetu sote, ni kazi iliyowaangukia zaidi akina mama na mabinti. Tena Wavumba hawakuyakataa magari. Bahari ndiyo iliyoyazuia. Mgeni anayesifu utulivu huo kwa muda wa saa mbili, kisha akarudi Ukunda kupanda matatu, amesifu kitu asichokilipia. Akina mama wa Wasini wenyewe hawakukaa kungoja sifa. Kikundi chao husimamia njia ya mbao inayopita juu ya bustani ya matumbawe ya kale, nao hutoza wageni kiingilio.

Wapo watu waliokataa kwa hiari. Hao ni Waamish wa Marekani, wakulima Wakristo ambao jina lao latokana na Jakob Ammann, aliyejitenga na wenzake huko Ulaya mwaka 1693. Wageni wengi hufika Lancaster, Pennsylvania, kuwatazama wakiendesha vigari vya farasi, na wengine hurudi wakidhani wameona watu wasiojua dunia. Sivyo. Gari hawamiliki kwa sababu huwatawanya watu wa jumuiya, lakini wengi hukubali kupanda la kukodi wakiwa na haja. Simu waliitoa nyumbani, ila jumuiya nyingi huiruhusu katika kibanda cha nje. Na mashine ya kufulia nguo? Wengi wanayo, ikiendeshwa kwa injini badala ya umeme wa waya. Jambo hili lanipendeza kuliko farasi wao wote!

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, waumini waliobatizwa, wanaume kwa wanawake, huulizwa kama wanakubaliana na kanuni zao. Sisemi mwanamke ana sauti sawa kwao katika kila jambo, maana wahudumu wa kanisa ni wanaume. Lakini anaulizwa.

Sasa tutazame kwetu. Mume amekataza televisheni kwa ajili ya maadili ya watoto, naye kila Jumamosi yuko kwa jirani akitazama mpira. Mwingine hataki jiko la gesi, ati wali wa kuni una ladha. Huyo hajajinyima kitu, amemnyima mkewe. Moshi haumwingii yeye machoni. Wapo pia wake wanaobana matumizi mpaka mume akaenda kibaruani kwa miguu, wala hawakumwambia pesa zinawekewa nini.

Nashauri mketi wawili, tuseme kabla ya masika na kabla ya vuli. Kila mmoja ataje kitu kimoja ambacho yeye mwenyewe yuko tayari kukiacha, si cha mwenzake. Mke akijibu, "Sawa tu, utakavyo," usifurahi haraka. Mwulize tena kesho yake, mkiwa peke yenu, wakati mama yako hayupo sebuleni.