Unavyofagia Uwanja

Mwanangu, nimekusikiliza mpaka mwisho. Mwezi huu unahesabu pumzi, mwezi uliopita ulikuwa unarudiarudia mantra, na kabla ya hapo programu ya simu yenye sauti nyororo ya kukuambia utulie. Sasa unataka nikutajie njia bora ya taamuli. Nitakutajiaje, nawe umeulizia dawa bila kutaja unaumwa nini?

Swali lako ni la kale. Katika karne ya 5 mtawa aitwaye Buddhaghosa alikuwa Anuradhapura, Sri Lanka, akaandika kwa Kipali kitabu kikubwa, Visuddhimagga. Humo alipanga mada 40 za kutafakari: pumzi, rangi, kifo, kuwatakia viumbe heri, hata maiti katika hatua kumi za kuharibika. Lakini hakumwachia mwanafunzi ajichagulie. Alimtaka atafute mwalimu, ampangie kwa kufuata hulka yake. (Hata huku pwani, muridi wa tarika ya Kadiria hupewa uradi na sheikh wake, hajiokotei.)

Na hiyo hulka mwalimu ataijuaje? Hapo ndipo ninapompenda mtawa huyu. Anasema mtazame mtu anavyotembea, anavyokula, anavyofagia. Mwenye tamaa huushika ufagio vizuri, akafagia bila pupa, uwanja ukatakata. Mwenye hasira huukaba, akafagia kwa haraka na kelele, mchanga ukaruka huku na huku. Aliyepumbaa huushika kwa kulegea, akawa anazigeuzageuza takataka tu. Basi mwenye hasira akapewa kutakia wengine heri, mwenye mawazo yasiyotulia akapewa pumzi, na yule mwenye tamaa, mpenda vizuri, akapelekwa kwenye maiti! Angeachiwa achague mwenyewe, unadhani angezifikia?

Njia za siku hizi nazo zina watu wake. Kozi ya kutafakari ya wiki 8 aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts mwaka 1979 ilianza na wagonjwa wenye maumivu sugu ambao hospitali haikuwa na la ziada la kuwafanyia. Wewe huchukua njia kwa sababu tu rafiki yako kaisifia.

Mimi nimekuona ukifagia tangu ukiwa mdogo. Mchanga wako hufika barazani kwa jirani. Ndiyo maana sishangai kwamba kuhesabu pumzi kunakutia hasira: ukipotea kwenye saba, unajitukana, unaanza moja na kisirani juu. Iache njia hiyo kwa sasa. Shika ile ya kutakia heri, na uifuate kwa mpango aliouweka mtawa yule: anza na nafsi yako, kisha mtu unayemheshimu, kisha unayempenda sana, kisha asiyekuhusu. Adui awe wa mwisho. Najua utataka kuanza na bosi wako ili uonekane shujaa. Usithubutu. Na usichanganye na nyingine yoyote kwa miezi kadhaa, hata ikikuchosha, maana wewe huchoka mapema.

Ile kozi ya siku 10 za kimya aliyoieneza mwalimu Goenka siibezi. Haina ada, wanafunzi wa zamani ndio wanaoichangia. Lakini kengele hulia saa kumi alfajiri, na mtu hukaa kutwa akichunguza pumzi, kisha mwili wake, bila kusema na mwenzake. Wewe tangu msiba wa baba yako hulali. Siku 10 peke yako na kichwa hicho? Ngoja kwanza. Na ukija kwenda, fomu yao inauliza habari za afya ya akili. Ijaze kwa ukweli, usijitie uzima.

Mimi ni mzee wa kukutazama tu, sijasomea mambo haya. Hapo Dar es Salaam, Upanga, lipo hekalu la Wabuddha lililoanzishwa na Wasinhala zama za ukoloni. Nenda ukabishe hodi, uvue viatu, uombe kuonana na mtawa. Akikuuliza unataka kujifunza njia gani, usimtajie hata moja. Mweleze unavyolala, unavyokula, na jinsi unavyogombana na watu.