Neno la Kifaa
Mgeni anayeshuka mtumbwini kijijini Kabuta, akitoka ng'ambo, upande wa Kongo, husema jina lake na atokako, naye huaminiwa. Je, kuamini neno kabla ya kulithibitisha ni kujua?

Swali hilo limo hata ndani ya kompyuta. Flashi ikichomekwa, rezista ndogo ya kiloomu 1.5 huinua volti kwenye waya mmoja, na mashine hutambua kwamba pana kitu. Kitu gani? Huuliza, na kifaa hujibu kwa namba mbili, ya kampuni na ya bidhaa, pamoja na aina ya kazi yake. Mfumo hutafuta draiva inayolingana na jibu hilo.

Mwaka 2014, huko Las Vegas, watafiti wa usalama wa kompyuta Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha flashi iliyojitambulisha kuwa kibodi. Kompyuta ikatii kila ilichochapa.

Mwanafalsafa wa Uskoti, Thomas Reid, aliandika mwaka 1764 kwamba binadamu ameumbwa na mwelekeo wa kuamini asemacho mwenzake. Alikuwa sahihi, maana bila hivyo mtoto asingejifunza hata lugha. Ila mtu akishadanganywa husita. Kompyuta, isipoongezewa ulinzi, humpokea tena mdanganyifu yuleyule kwa jina lilelile.