Heshima ya Mama Asiyeandikwa

Hapa Titye, na katika Buha yote toka Kasulu mpaka Kibondo, wako vijana watamanio kuandika vitabu vya habari za wazee wao. Jambo hili ni jema. Sisi Waha habari zetu tumezitunza vinywani tu, na kila mzee anapozikwa, sehemu yazo huzikwa pamoja naye. Lakini aandikaye habari za ukoo wake hukutana upesi na swali lisilo dogo: je, imempasa kuandika hata yale ambayo wazee waliyaona kuwa aibu?

Watu wa pwani walitutangulia sana katika kazi hii, basi na tutazame kwao. Mji wa Kilwa ulikuwa na habari za wafalme wake zilizoandikwa tangu zaidi ya miaka 450 iliyopita, nazo zimetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni Mreno João de Barros, aliyezitia katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1552. Ya pili ni nakala ya Kiarabu ambayo Sultani Barghash wa Unguja alimpa Mwingereza John Kirk mwaka 1877, nayo imehifadhiwa London. Zote mbili zasema ya kuwa waanzilishi wa ufalme walitoka Shirazi katika nchi ya Waajemi, na ya kuwa kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Walakini katika jambo moja zaachana. Kwa Barros, Ali, mfalme wa kwanza, alidharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, hali wao walizaliwa na binti wa kifalme; ndiyo sababu akaihama nchi ya baba yake. Katika nakala ya Kiarabu mama huyo hayumo. Badala yake twasoma habari ya ndoto, panya mwenye pua ya chuma akitoboa ukuta wa mji.

Haya ni masimulizi ya kale, nasi hatuyashiki kama Injili. Lakini angalieni jinsi mama alivyo mwepesi wa kupotea! Mwaka 2023 wataalamu walitangaza mambo waliyoyaona katika mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani, na Kilwa umo. Waliona ya kuwa wengi wa watu hao, kwa upande mmoja, walitokana na wanaume wa Uajemi. Na kwa upande wa pili, mara nyingi zaidi ya nusu, walitokana na watu wa Afrika, hasa wanawake. Basi mababa wa ng'ambo waliandikwa, na mama wa nchi hii ilibidi watajwe na mifupa.

Mtu aweza kuniambia: Mchungaji, Amri ya Nne katika Katekisimo yatuagiza kuwaheshimu wazazi. Tena Hamu aliutangaza uchi wa Nuhu, lakini Shemu na Yafethi waliusitiri wakienda kinyumenyume. Neno hili lina nguvu, wala silipuuzi. Lakini ni nani aliyetupa sisi habari ya ulevi wa Nuhu? Ni kitabu kile kile kiwasifucho waliomfunika. Na Mathayo, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, hakuwaacha Tamari, Rahabu na Ruthu. Bathsheba hamwiti kwa jina lake. Amtaja kuwa mke wa Uria, na hapo kila asomaye hukumbuka dhambi ya Daudi. Aibu yamwangukia mfalme, si mwanamke.

Hapo ndipo nionapo shina la jambo. Twasema "aibu ya wazee," wala hatuulizi aibu hiyo ni ya nani. Mwanamke aliyetekwa na kununuliwa alikosa nini? Aibu ni ya aliyemteka na ya aliyemnunua. Mwana amfichaye mama wa namna hiyo hatunzi heshima ya mama. Atunza cheo chake mwenyewe.

Wala hili si la watu wa pwani tu. Soko la Ujiji halikuwa mbali nasi, na watu waliuzwa pale. Serikali ya Wadachi iliamuru ya kuwa watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, na utumwa wenyewe ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922. Si zamani sana. Watu wa Heru humkumbuka Mwami Theresa Ntare, aliyeanza kutawala mwaka 1946, maana mwanamke mwenye kiti hasahauliki. Yule aliyeletwa, akalima, akalea watoto wa ukoo mzima, ndiye asahauliwaye.

Walakini naweka mpaka mmoja. Andika habari za nyumba yako. Za nyumba ya jirani usiziandike asiporidhia. Nimesikia neno "mtumwa" likitupwa katika ugomvi wa mashamba, ili mtu anyimwe urithi wake. Neno la kinywa husahaulika, lakini likiisha kupigwa chapa, wajukuu wa mgomvi nao watalitumia.

Nanyi mwandikao, msiwaulize wazee wanaume peke yao. Nendeni kwa kina bibi, maana ndio waliokaa penye uzazi, nao wajua ni nani alizaliwa na nani, na ni nani aliyeletwa kutoka nchi gani. Na jina la mama lisipopatikana, acheni nafasi katika daftari, mkaandike tu ya kuwa alikuwapo.