Alhamisi ni ya Nani?



Katika nyumba zetu hapa Fisksätra kuna ubishi usiokwisha kuhusu majina ya siku. Baadhi yetu hatupendi watoto waseme torsdag ndani ya nyumba, kwa kuwa ni siku ya Thor, mungu wa radi wa wapagani wa kale. Wengine hujibu kwamba majina yetu wenyewe yanachanganya: Jumatano ni siku ya tano, kesho yake ni Alhamisi, na Alhamisi kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Mtoto anauliza, wiki gani ina tano mbili? Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa "nyamaza".

Tuanze na torsdag. Wanajimu wa kale waliona mbinguni vitu saba vinavyotembea. Wakavipanga kwa mwendo, kuanzia kile cha polepole zaidi: Zohali, Mshtarii, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi. Kila saa wakaipa kimoja kwa zamu, na siku ikaitwa kwa jina la mwenye saa ya kwanza. Saa 24 ukizigawa kwa 7 hubaki 3, kwa hiyo kila siku mpya husogea hatua tatu. Jumatano ni ya Utaridi. Hesabu hatua tatu, utafika Mshtarii. Waroma wakaiita siku hiyo ya Jupiter. Watu wa kaskazini walipoipokea wiki, wakamweka Thor mahali pake, maana wote wawili walikuwa wenye radi.

Sisi tuliosomea uhandisi hatuoni kosa katika hesabu hiyo. Kosa liko kwenye msingi: Jua na Mwezi si sayari, na hakuna sayari inayoizunguka dunia. Mbele yetu kwenye reli ya Saltsjöbanan, kule Saltsjöbaden, kulifunguliwa kituo cha kuchunguza nyota mwaka 1931, na wataalamu walifanya kazi pale hadi 2001. Walijua vizuri kwamba Mshtarii haitawali saa yoyote, na bado siku hiyo waliiita torsdag kama watu wengine. Hakuna aliyemwabudu Thor kwa kuitaja.

Sasa Alhamisi. Wazee wetu wa pwani walichukua Ijumaa, siku ya sala, na jirani yake Alhamisi, ambayo kwa Waarabu ni ya tano kuanzia Jumapili. Siku tano zilizobaki wakazihesabu wenyewe kuanzia ile inayofuata Ijumaa: mosi, pili, tatu, nne, tano. Hesabu mbili zikakaa katika wiki moja bila moja kuifuta nyingine. Hatujasikia mtu aliyekosa siku ya gulio kwa sababu hiyo.

Je, basi ukweli wa siku uko wapi? Kuzunguka kwa dunia hutupa siku. Mwezi mwandamo hutupa mwezi. Safari ya dunia kulizunguka jua hutupa mwaka. Wiki haina kipimo kama hicho mbinguni, kwani hata robo ya mwezi mwandamo ni siku 7 na zaidi kidogo. Wiki ni makubaliano ya watu. Kwa hiyo tusiulize jina lina mungu gani ndani yake. Tuulize kama msemaji na msikilizaji wana maana ya siku ile ile.

Hapo ndipo penye hatari. Mzee akialika watu kwenye hitima "usiku wa Ijumaa", ana maana Alhamisi baada ya jua kuzama, kwa kuwa kwake siku huanza magharibi. Kijana aliyezaliwa hapa atafika kesho yake, akute majamvi yamekwisha kunjwa. Tukimwita hana adabu, tumemwonea. Hakuna aliyemweleza, ingawa mfano uko mbele yake: Waswidi nao husherehekea Krismasi yao kubwa tarehe 24, siku ya mkesha, wala hawaoni ajabu.

Ahadi ni deni, na katika jambo hili deni ni la yule anayejua hesabu zote mbili. Yeye ndiye wa kueleza, si wa kukemea. Tuwaachie watoto torsdag yao bila kuwatisha, na tuwape Alhamisi pamoja na usiku wake, ili wakialikwa wafike.